Miguu ikigoma kilomita ya 30, tatizo lilianza mapema zaidi

Mkuu, umesema marathon zako mbili zimeharibika palepale, kuanzia kilomita ya 30 ukawa unatembea, na sasa unalenga Kilimanjaro Marathon ukiwa na nusu marathon ya 1:50 (saa moja na dakika 50). Usikimbilie kuongeza mazoezi makali. Kwa muda huo kasi unayo. Kilichopungua ni kilomita za taratibu, chakula njiani na subira mwanzoni.

Tuanze na subira, maana ndiyo inayoangusha wengi. Chukua muda wako wa nusu marathon mara mbili, ongeza dakika 15 hadi 20. Unapata 3:55 hadi 4:00, yaani kama dakika 5:35 hadi 5:40 kwa kilomita. Lakini asubuhi kuna ubaridi, miguu imepumzika, watu wanashangilia. Mtu anatoka na 5:15 na kujiona yuko sawa kabisa. Wanga uliohifadhiwa mwilini unatoa takriban kalori 2,000, na mwenye kilo 65 anahitaji zaidi ya 2,700 kumaliza kilomita 42.2. Pengo hilo linazibwa na mafuta ya mwili pamoja na unachokula njiani. Kadiri unavyozidisha kasi, ndivyo mwili unavyotegemea wanga zaidi, na akiba inakauka kabla ya wakati.

Jipe wiki 16, siku nne au tano kwa wiki. Anzia jumla ya kilomita 40, panda polepole hadi 60 au 65, na kila wiki ya nne punguza robo. Siku moja tu katikati ya wiki iwe ya kasi. Zilizobaki kimbia 6:20 hadi 6:50, kiasi cha kuweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Hapa ndipo vikundi vya mbio vinapoharibu watu: mmoja anaongeza mwendo, wote wanamfuata, na siku ya kasi inakukuta miguu mizito. Wakimbiaji wa Iten na Kaptagat kule Kenya, ambao baadhi yao humaliza marathon chini ya dakika 3 kwa kilomita, huanza mbio zao za kupumzisha mwili taratibu mno. Wewe hulazimiki kumfukuza mtu.

Mbio ndefu ya wikiendi ipande kutoka kilomita 18. Fikisha kati ya 28 na 32 mara nne, ya mwisho iwe wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Mbili kati ya hizo, kimbia 16 za mwanzo taratibu, kisha 12 kwa 5:40. Zoezi hili usiliruke hata ukiruka mengine, kwa sababu linaufundisha mwili kushika kasi ukiwa umeshachoka.

Moshi, zinakofanyika mbio za Kilimanjaro Marathon, ina shida yake. Nusu ya kwanza haina milima ya kutisha, halafu unapandishwa kuelekea Mweka, mpando mrefu, ndipo unateremka kurudi mjini. Kwenye mpando sahau saa, fuata pumzi. Hata 6:20 ni sawa. Mteremko nao unatafuna misuli ya mbele ya mapaja, kwa hiyo ufanyie mazoezi. Kwa mtu wa Dar, vilima vya Chuo Kikuu Mlimani vinatosha: kila baada ya wiki mbili, panda na kushuka ndani ya mbio ndefu.

Kula gramu 40 hadi 60 za wanga kwa saa, ukianza dakika ya 30 au 40, usingoje njaa. Jeli moja ya wakimbiaji (wanga laini wa kwenye kipakiti) ina kama gramu 20 hadi 25, ndizi mbivu kubwa kama 25 hadi 30. Jeli inywee maji, si soda. Sukari juu ya sukari inakaa tumboni na kuleta kichefuchefu. Jaribu yote kwenye mbio ndefu kwanza. Maji kunywa kwa kiu: kunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nne hushusha chumvi kwenye damu, na hiyo ni hatari. Jipime uzito kabla na baada ya mbio ndefu. Ukirudi mzito zaidi, umezidisha.

Mbio zikianza saa 12:30 asubuhi, kula saa 9:30 usiku: mkate na jamu, chai ya sukari. Maharage yasubiri.

Weka hapa kilomita na kasi za wiki zako mbili za karibuni, tuangalie siku zako za taratibu ni taratibu kweli au la.