Mtoto wa Dada Yangu Alionyeshwa Kama Mwizi

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mtoto wa marehemu dada yangu ana miaka 22, ni mwanabodaboda hapa Likoni. Mwezi wa Februari polisi walivamia steji, wakamzoa yeye na wenzake wanne. Jioni tukamwona kwenye taarifa ya saa moja, amekalishwa chini kando ya pikipiki, na chini ya skrini pameandikwa WEZI WA PIKIPIKI WANASWA. Siku ya pili aliachiliwa, hakufikishwa mahakamani. Pikipiki ni yake na karatasi anazo. Nilipowapigia hao wa runinga waliniambia wao walitangaza walichosema polisi. Stejini hadi leo wanamtania, na abiria wengine wanamkwepa. Je, hii ni haki? — Khalati yake, Likoni

JIBU: Marahaba, dada yangu. Si haki. Na hilo jibu ulilopewa nalifahamu sana, maana nimelitoa mwenyewe si mara moja.

Nilihariri taarifa za jioni kwa miaka kumi na mmoja. Habari za aina hii zilikuwa zikinifikia saa kumi na mbili unusu: kipande cha sekunde arobaini kilichopigwa kwa simu, afisa anasema mawili matatu, vijana wameinamisha vichwa. Mwandishi mara nyingi alijichunga, akasoma "wanashukiwa", "inadaiwa". Lakini maandishi ya chini ya skrini aliyaandika mtu mwingine, naye ana nafasi ya maneno machache tu. "Washukiwa wa wizi wa pikipiki" hayaenei pale. "Wezi" linaenea. Sasa mtu yuko kibandani anakunywa chai, runinga imezimwa sauti; hizo "inadaiwa" atazisikia wapi? Ameona sura, amesoma neno, kazi imekwisha.

Polisi kusema ni mwanzo wa habari. Ilibakia kuwauliza vijana wenyewe, kuuliza kama kuna mashtaka, na kuziba sura mpaka jibu lipatikane. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 50, inasema hata mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Huyu wako hata kushtakiwa hakushtakiwa.

Wala usidhani ni masaibu ya wanyonge peke yao. Agosti 2014 BBC ilipeleka helikopta juu ya nyumba ya mwimbaji Cliff Richard ili kuonyesha polisi wakiipekua. Hakukamatwa, hakushtakiwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Uingereza ikamtunuku fidia ya pauni 210,000, na 20,000 kati ya hizo ni kwa sababu habari yenyewe ilikuwa imepelekwa kushindania tuzo. Hapo kwenye tuzo huwa najikuna kichwa, kwani sisi nasi tulikuwa tukipongezana.

Sasa, la kufanya. Mwandikieni mhariri mkuu barua: tarehe, saa, maneno yaliyokuwa kwenye skrini, na nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) ya siku aliyokamatwa. Tajeni ibara ya 35(2) ya Katiba, inayompa mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomhusu. Ombeni masahihisho yasomwe saa moja ileile, si usiku wa manane mkiwa mmelala, na video iondolewe mtandaoni.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau: maktaba ya picha. Pikipiki ikiibwa Kilifi mwezi ujao na mhariri hana picha, ataandika "pikipiki, wezi" kwenye kompyuta, na sura ya kijana wako itarudi hewani. Nilishamwona kijana mmoja wa Changamwe akirudi mara nne kwa wizi wa watu wengine, na mara mbili kati ya hizo zamu ilikuwa yangu. Kwa hiyo barua iseme wazi kwamba picha hizo zisitumike tena.

Wakinyamaza, ipo Tume ya Malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari, iliyowekwa na sheria ya 2013. Mkitaka kushtaki kwa kuchafuliwa jina, muoneni wakili mapema, kwa kuwa muda wa kufungua kesi hiyo ni miezi 12, na yenu inahesabiwa tangu Februari.

Barua aitie sahihi yeye mwenyewe, ni mtu mzima. Wewe msindikize tu kuipeleka, na msitoke mapokezi kabla nakala yenu haijagongwa muhuri.