Buti za felti mtoni Gunpowder, na kama unaweza kwenda nazo Nyeri

Ndugu uliyeuliza kuhusu buti za felti, naona wengi wamekujibu kwa mkato. Mmoja kakwambia "tupa, ni haramu", mwingine kakwambia usijali, hakuna anayekagua. Wacha nikujibu kwa urefu kidogo, maana swali lako lina sehemu tatu na wadau wamegusa moja tu. Umesema umeokota buti za kuvulia kwa bei ya kutupa mtu alipokuwa akiuza vitu vya nyumbani kwake, soli zake ni zile za sufu iliyoshindiliwa. Unataka kuzivaa Gunpowder Falls, hapa kaskazini mwa Baltimore. Rafiki yako wa Pennsylvania anavaa za aina hiyohiyo bila taabu. Halafu Desemba unashuka Nyeri, mjomba kakuahidi kukupeleka mto Thego kuvua trauti, na ungependa kwenda na vifaa vyako.

Nianze na sheria, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Maryland ilipiga marufuku soli za felti Machi 2011, na ilikuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza Marekani kufanya hivyo. Marufuku hiyo haihusu Gunpowder peke yake wala trauti peke yao, inahusu maji ya jimbo zima. Pennsylvania hawana katazo hilo, ndiyo maana rafiki yako hana presha. Akija huku na kuingia mtoni na buti zilezile, amevunja sheria, na "sikujua" haimwondolei faini. Alaska walifuata 2012, Missouri nao mwaka huohuo wakakataza kwenye maji yao ya trauti, na hifadhi ya Yellowstone ikajiunga 2018. Kwa hiyo popote uendako na mshipi wako, soma kanuni za hapo hapo, usitumie za jirani.

Sasa kwa nini felti? Kusema kweli, hakuna soli inayoshika jiwe lenye utelezi kama hiyo, na wavuvi wameivaa miaka na miaka kwa sababu hiyo. Shida yake ni kwamba inanyonya. Ukitoka mtoni inabeba maji, mchanga na matope katikati ya nyuzi zake, na ukiitupa nyuma ya gari Jumamosi, wikendi inayofuata ukiibonyeza kwa kidole gumba bado inatoa unyevu. Kiumbe chochote kidogo kinachohitaji unyevu tu ili kiishi kimepata usafiri wa bure kwenda mto mwingine.

Kilichowashtua watu ni didimo. Ni mwani wa seli moja, Didymosphenia geminata kwa jina la kisayansi. Seli yenyewe huioni kwa macho, lakini inaota kikonyo, vikonyo vinashikana, na mwisho wake mawe ya mto yanafunikwa na tandiko zito la rangi ya kahawia. Kwa mbali utadhani ni kamasi, lakini ukilishika halitelezi hata kidogo, linakwaruza kama sufu iliyolowa. Hicho ndicho kipimo changu cha haraka: kikiteleza mkononi, huo ni mwani wa kawaida, endelea kuvua. Nyuzilandi waliugundua 2004 katika mto Waiau, kusini kabisa mwa Kisiwa cha Kusini, na baada ya kuuona ukienea mto hadi mto wakapiga marufuku felti 2008. Mwaka huohuo wa 2008 ukaonekana hapa kwetu Gunpowder. Usisahau huu si mto wa hivihivi: maji yake yanatoka chini ya bwawa la Prettyboy, baridi mwaka mzima, trauti wa kahawia wanazaliana wenyewe humo bila kupandwa, na jiji la Baltimore linakunywa kutoka bonde hilohilo. Ndipo yakaja yale mabeseni ya maji ya chumvi na burashi za kuoshea buti kwenye maegesho, na baadaye sheria.

Hapa nataka kukueleza jambo ambalo wale wa "tupa, ni haramu" huwa hawalisemi. Mtafiti mmoja wa Kanada, Max Bothwell, ambaye aliufuatilia mwani huu kisiwani Vancouver, aliandika na wenzake mwaka 2009 kwamba ulisambazwa na buti za wavuvi. Kufika 2014 yeye huyohuyo, na wenzake wengine, alikuwa amegeuka. Walisema sehemu nyingi za kaskazini mwani huu ulikuwapo siku zote, na kinachoufanya ulipuke ni fosforasi kupungua mno majini. Seli ikikosa fosforasi inapunguza kugawanyika, inarefusha vikonyo. Vermont, waliokuwa wamekataza felti 2011, waliposoma hayo wakaiondoa sheria yao 2016. Ukiwasikia wazee wa pale maegesho wakisema "hata Vermont wamekubali walikosea", wanazungumzia hilo, na si uongo.

Ila mimi siwafuati hadi mwisho wa hoja yao. Didimo pengine haikuwa kosa la felti, sawa. Lakini mtoni hakuna didimo peke yake. Mwaka 2017 Gunpowder ulipata mgeni mwingine, konokono wa matope wa Nyuzilandi, na huyu hana cha fosforasi. Marekani alionekana kwanza mto Snake, Idaho, mwaka 1987. Pennsylvania walimkuta Spring Creek mwaka 2013, na huo ni mto ambao wavuvi wa Baltimore tunaupenda sana, tunaendesha gari asubuhi na kurudi jioni. Konokono huyu ni mdogo, mkubwa wao ana milimita tano au sita. Huku karibu wote ni majike, na jike hahitaji dume, anazaa nakala zake mwenyewe. Kwa hiyo huhitaji kubeba jozi ili kuanzisha ukoo, mmoja anatosha. Mahali pakiwapendeza wanafika laki kadhaa kwa mita moja ya mraba, na wanakula chakula ambacho wadudu wa mtoni, yaani mlo wa trauti, wangekula. Trauti akimmeza hafaidiki: jaribio lililochapishwa 2008 lilionyesha trauti waliolishwa konokono hawa tu walikonda, na zaidi ya nusu ya konokono walitoka upande wa pili wakiwa hai.

Siri ya konokono huyu ni kifuniko. Anajivuta ndani ya gamba, anafunga mlango, anasubiri. Juzi pale maegesho ya Bunker Hill jamaa mmoja alikuwa anatamba na buti zake mpya za soli ya mpira, hazina hata uzi wa felti. Nikamwomba alegeze kamba na avute ulimi wa kiatu mbele. Chini ya ulimi kulikuwa na mchanga mweusi uliojikusanya kwenye mshono. Tukaukung'uta ndani ya kifuniko cha chupa, tukatia maji kidogo, tukaendelea na kahawa. Punje moja ikageuka, ikatoa pembe mbili, ikaanza kutembea ukutani mwa kifuniko.

Ndiyo maana nasema soli ni robo tu ya habari. Kamba za viatu, ulimi, mishono, soli ya ndani, soksi za ile suruali ya maji tunayovaa kuingilia mtoni bila kulowa, ule mkanda unaozuia kokoto kuingia kiatuni, vyote vinabeba. Anayedhani amemaliza kazi kwa kununua mpira namwogopa kuliko mwenye felti anayejua kusafisha. Na sheria haiwezi kumkamata.

Kusafisha kwenyewe kuna mtego wake, kwa sababu dawa ya huyu si dawa ya yule. Jiki ya asilimia mbili, dakika moja, inaua didimo, na sabuni ya vyombo ya asilimia tano vilevile. Konokono yeye anafunga mlango wake na kukucheka, usimtegemee jiki hata kidogo. Dawa yake ni friza: tia buti usiku kucha, asubuhi wamekufa. Lakini friza nayo haiaminiki kwa mbegu za kile kimelea cha ugonjwa wa kuzunguka, unaowapinda trauti wachanga uti wa mgongo hadi wanaogelea kwa kujizungusha. Makazi yake ni matope, ndani ya vinyoo vyembamba. Trauti wa kahawia, ambaye asili yake ni Ulaya, ameuzoea ugonjwa huo, lakini wa upinde wa mvua anateketea. Mto Madison kule Montana uliwapoteza wengi sana miaka ya 1990.

Kinachofaa kwa wote watatu ni kuondoa matope kwanza, kisha maji moto, kisha kukausha. Mimi napiga burashi ngumu palepale mtoni, kabla sijafungua mlango wa gari, kwa maji ya mto uleule, ili cha mto huo kibaki huko. Nyumbani natoa kamba zote na soli za ndani. Kipimo cha Nyuzilandi, walichokiweka kwa ajili ya didimo, ni maji ya nyuzi 60 za Selsiasi kwa dakika moja, au 45 kwa dakika 20, na kwa vitu vinavyonyonya maji ni 45 kwa dakika 40. Hayo ya 45 unayapata kwenye bomba la moto la nyumba nyingi. Kwa kukausha, wao wanasema kiwe kikavu ukikigusa, kisha uongeze saa 48 juu ya hapo. Watu wengi wanahesabu saa 48 tangu walipotoka mtoni, hapo ndipo wanapoharibu hesabu. Suruali ya maji usiitie maji moto sana wala jiki, gundi ya mishono itaachia. Igeuze ndani nje na uianike mpaka ikauke. Kama unavua mito miwili wikendi moja, nunua jozi ya pili ya buti. Ni ghali, najua, lakini ndiyo njia pekee isiyokufanya usimame na saa mkononi.

Kuhusu kuteleza, maana ndilo litakalofuata: ndiyo, mpira unateleza kuliko felti. Piga njumu za chuma kigumu chini ya soli, hazikatazwi hapa, na shika fimbo. Buti zako usizitupe kama zina uhai. Mpelekee fundi viatu, abandue felti, abandike soli ya mpira yenye meno, halafu wewe mwenyewe uzungushie njumu. Hakikisha anakwangua felti yote, isibaki tabaka nyembamba chini ya gundi.

Sasa Nyeri. Kuna watakaokwambia kwamba trauti wenyewe kule ni wageni, kwa hiyo tunalinda nini? Kweli ni wageni. Mwaka 1905 Ewart Grogan alimimina trauti wa kahawia mto Gura, kule Aberdare, wa upinde wa mvua wakafuata, na serikali ikaja kujenga kituo cha kuzalisha vifaranga Kiganjo. Lakini hoja hiyo haina miguu. Naivasha waliletewa mwaka 1970 kamba wa maji baridi ambao asili yao ni kusini mwa Marekani, na nenda ukawaulize wavuvi wa pale kamba hao wamewaachia mimea gani ziwani. Gugu maji la Ziwa Victoria sina haja ya kulieleza humu. Mgeni mmoja kukubalika si ruhusa kwa wa pili. Na mito ile ya Mlima Kenya na Aberdare watu wanaichota na kuinywa, wananywesha ng'ombe, wanamwagilia mashamba. Baridi ipo, mawe yapo. Konokono akifika hatafuti kingine.

Kwa hiyo jibu langu ni moja: buti zibaki Baltimore. Si za felti tu, hata za mpira. Fimbo ya kuvulia, gurudumu la mshipi na visanduku vya nzi bandia wa chambo nenda navyo, mradi vimekauka kabisa, na nzi walioloweshwa Gunpowder uwaache wazi wiki nzima kabla ya kufunga begi. Wavu wa nyuzi za kusuka uache, una mafundo yanayoficha vitu. Wa mpira unasuuzika. Suruali ya maji huihitaji, Thego si mto wa kuzama kifuani. Nunua gambuti mjini Nyeri, ukimaliza zibaki kwa mjomba, mwaka ujao unazikuta. Ukimwagiza akununulie kabla hujafika, kumbuka namba za viatu za nyumbani ni za Kiingereza: kama hapa unavaa kumi, mwambie tisa, na ongeza nafasi ya soksi nzito, asubuhi maji yale yanauma.