Kabla Hujapandisha Darubini Darini

Mwenzangu unayeanza kutazama nyota, kwanza zungumza na majirani. Hapa Lamu mjini nyumba zimebanana, na ukisimama darini kwako unaona uani kwa mwenzako. Mtu akikuona usiku umeinamia bomba refu atadhani mengine, na ana haki ya kudhani hivyo. Mimi nilipita nyumba hadi nyumba baada ya Alasiri, kisha nikawaalika watoto na mama zao waje kuutazama mwezi. Tangu siku hiyo jirani yangu huzima taa yake ya darini bila kuombwa.

La pili ni giza. Fuata mwezi mwandamo kama mvuvi anavyofuata bamvua: kuanzia mwezi ishirini na mbili hadi mwezi tatu unaofuata, jioni zote ni zako. Mwezi ukiwa mpevu usihangaike na galaksi (kundi kubwa mno la nyota lililo mbali), hutaiona.

Itoe darubini wakati wa Magharibi ili kioo kipoe, uanze kutazama baada ya Isha. Macho yanataka kama nusu saa ya giza kabla hayajafunguka sawasawa. Ukichungulia simu mara moja tu, unaanza upya. Ndiyo maana tochi yangu nimeifunga kitambaa chekundu, rangi isiyoyasumbua macho sana.

Anza na Kilimia, kile kishada cha nyota. Wazee wetu walikitumia kuhesabia misimu ya kulima, na nuru yake unayoiona leo iliondoka huko kiasi cha miaka 440 iliyopita, zama za Wareno kwenye pwani hii. Kioo changu ni cha inchi 8, chenye urefu wa fokasi (umbali toka kioo hadi mwanga unapokutana) wa milimita 1200. Nikiweka lenzi ya kuchungulia ya milimita 25 nakuza mara 48, na hata hapo Kilimia hakienei chote ndani ya duara. Wageni wengi hukimbilia kukuza. Kwa vitu vilivyotandaa hivi hilo ni kosa: ukikuza zaidi, mbingu inafifia na kitu chenyewe kinapotea.

Sasa lile ninalotaka ulijue hasa. Lamu iko nyuzi mbili na kidogo tu kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Desemba, kama saa mbili usiku, geukia kaskazini utaikuta galaksi ya Andromeda, miaka nuru milioni 2.5 kutoka hapa (mwaka nuru ni mwendo wa nuru kwa mwaka mmoja). Abd al-Rahman al-Sufi, mwanafalaki wa Uajemi, aliieleza mwaka 964 kuwa kiwingu kidogo. Kisha geuka kusini, upande wa bahari ya Shela: pale chini kuna Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo, na kando yake kishada cha nyota kiitwacho 47 Tucanae. Mtu wa London hawezi kabisa kuviona hivi viwili vya kusini. Wewe unageuza shingo tu.

Lakini usitarajie rangi za picha. Andromeda utaiona kama pumzi iliyoganda kwenye kioo. Usiikazie macho, tazama kando yake kidogo, maana pembeni mwa jicho ndipo penye uwezo wa kuona mwanga hafifu. Ukiwa bado na shaka, ligonge bomba taratibu, kwani kitu hafifu kikitikisika jicho hukidaka. Kaa nacho dakika kumi. Mara yangu ya kwanza nilikaa sekunde chache nikaondoka, na nilikosa mengi.

Chumvi ya bahari itakusumbua kuliko mawingu. Nilifuta kioo changu kwa leso kavu, na mikwaruzo ile ipo hadi leo. Kisafishe mara chache sana, kwa maji yaliyokenekwa (distilled) yasiyo na chumvi, bila kusugua, na ukimaliza kutazama kifunike kabla umande haujakishukia.

Juni, mvua ikianza kupungua, tafuta Omega Centauri, kishada kilichosongamana nyota, saa tatu usiku, kusini, nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini. Iko miaka nuru 17,000 hivi na ina nyota zinazokadiriwa milioni 10. Kwa lenzi ya milimita 25 ni doa la mviringo. Weka ya milimita 10, subiri hewa itulie, na kingo zake zitaanza kuvunjika punje moja moja, kama unga wa mchele uliomwagika juu ya kaniki.