Kwa nini pantoni haiwezi kushika nafasi ya Liemba

Ndugu uliyeuliza kwa nini Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, isistaafishwe moja kwa moja na nafasi yake ichukuliwe na pantoni kubwa yenye mlango wa mbele, kama zile zinazovusha watu na magari kati ya Magogoni na Kigamboni jijini Dar es Salaam: swali lako lina mantiki, hasa kwa mtu aliyezoea kuona gari likiingia chomboni kwa magurudumu yake lenyewe. Mimi nilisafirisha mzigo kwa Liemba kwa miaka sita, nikipeleka mawese na chumvi ya Uvinza kutoka Kigoma hadi Kirando, mwambao wa Rukwa, na kurudi na mahindi ya Rukwa, na jibu langu ni kwamba pantoni ya namna hiyo ingefika Kirando ikakosa pa kulaza mlango wake.

Pantoni ni chombo kipana chenye tumbo bapa, kinachofaa safari ya dakika chache katika maji yaliyotulia, na faida yake yote iko kwenye ule mlango unaolazwa juu ya mteremko wa zege. Ukiuondoa mteremko huo, mlango hauna kazi. Sasa litazame Ziwa Tanganyika: urefu wake ni takriban kilomita 670, kina chake kinakaribia mita 1,470, na sehemu kubwa ya mwambao wake ni milima iliyoshuka hadi majini au fukwe za mchanga zisizo na gati. Kigoma, Kasanga na Mpulungu ya Zambia pana mahali pa kufunga kamba, lakini katika vijiji vingi vya katikati Liemba ilisimama mbali na ufuko, na watu waliifuata kwa maboti. Isitoshe, wakati wa kiangazi upepo wa kusini huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, ukainua mawimbi ambayo sitamani kuyaona yakigonga mlango wa pantoni.

Waliochora Liemba walilizingatia hilo, ingawa sidhani kama walikuwa wakituwazia sisi. Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Iliingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isichukuliwe na adui vitani, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi isishike kutu, na ndiyo maana Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliweza kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina tunalolijua leo. Injini za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970 zikawekwa za dizeli, lakini umbo la msingi halikubadilika: jembamba, refu la mita zipatazo 70, lenye winchi na ngama, yaani tumbo la kuwekea mizigo, upande wa omo, yaani mbele, na milango ubavuni iliyo karibu na maji.

Milango hiyo na winchi hiyo ndizo zilizoifanya meli itumike. Tulifika Kirando usiku, honi ikilia, na kabla nanga haijatulia ungeona tochi zikija kutoka gizani. Maboti yaligombea kufika kwenye mlango wa ubavuni, na hapo abiria wanaoshuka walikutana na wanaopanda, kuku mkononi na mtoto mgongoni, katika nafasi isiyozidi upana wa mlango wa chumba. Wakati huohuo, mbele ya meli, winchi iliteremsha wavu wa kamba ndani ya boti, magunia yakapangwa kumi au kumi na mawili, fundi akapunga mkono, na mzigo ukapanda juu ukidondosha maji. Hakuna gati lililohitajika, ila mabaharia wenye macho makali na wenye maboti wanaojua kushikilia chombo kisigongane na meli.

Udhaifu wake nao niuseme. Maboti yalipokuja upande mmoja, abiria wote wa sitaha walikimbilia upande huohuo kutazama, na meli ikalala kidogo. Mara nyingi nilisikia baharia akiwafokea watu warudi upande wa pili. Anayedhani ni ukali wa bure akumbuke MV Nyerere, kivuko cha Ziwa Victoria kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya 101 walioruhusiwa. Kwa hiyo meli mpya ya ziwa letu, ikija, iwe na ngama ya kuweka mahindi chini kabisa, winchi yenye nguvu ya kunyanyua hata gari dogo, na milango miwili kila ubavu, mmoja wa kushukia na mwingine wa kupandia. Mlango wa magari uwekwe pia, kwa ajili ya bandari zenye gati, lakini usiwe ndio tegemeo.

Uliuliza pia kama mzigo hupotea. Wangu ulipotea mara moja, kwa uzembe wangu. Mzigo wa kituo cha mwisho hutangulia chini ngamani na wa kituo cha kwanza hubaki juu, na karani huutambua kwa alama iliyo kwenye gunia tu. Nilikuwa nimeandika jina la kituo kwa mkaa badala ya rangi, likafutika kwa unyevu, na magunia yangu 14 ya chumvi yakapangwa na ya Mpulungu. Nilikaa Kirando hadi meli iliporudi kutoka Zambia, nikayapokea usiku kwa boti lilelile, nikiwa nimelipia safari ambayo sikuikusudia.