Usiyapime maumivu kwa plasta

Wewe unayeanza zamu wodi ya watoto, kuna kosa nililifanya na nawe utalifanya usipoangalia. Mtoto anarudi kutoka upasuaji wa matundu, ule wa tumbo unaofanywa kwa kamera kupitia vitundu vidogo, unafunua shuka, unakuta viplasta vitatu tu, moyoni unasema: huyu hana neno.

Mgonjwa wangu alikuwa na miaka 4. Kalala kimya, uso kaugeuzia ukutani, mkono mmoja umeshika bega. Nikaandika kwenye chati, "ametulia." Mama yake akaniambia, "Sista, huyu akinyamaza hivi ujue anaumwa." Nikamgusa bega, sikuona kitu. Nikadhani kalalia vibaya.

Kumbe ni gesi. Tumbo hujazwa hewa ya ukaa ili kamera ipate nafasi, na inayosalia hukera kiwambo cha chini ya mapafu. Neva ya kiwambo huanzia shingoni, jirani na neva za bega, basi bega ndilo linalouma. Kwa kawaida huisha siku moja au mbili.

Ukimuuliza "unaumwa?" atakataa, anaogopa sindano. Mwangalie. Sisi hutumia kipimo cha FLACC, cha miezi 2 hadi miaka 7: uso, miguu, kujinyoosha au kujikunja, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja alama 0 hadi 2. Miguu usiikisie juu ya shuka, ifunue.

Parasetamoli mpe kwa saa zilizopangwa, usingoje alie: kwa kawaida miligramu 15 kwa kila kilo, kila saa 6. Hapa ndipo ninapowabana wageni. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 180, yaani mililita 7.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5. Chupa ikiwa ya miligramu 250 katika mililita 5, mililita hizohizo zinampa miligramu 375. Soma chupa kila mara, hata kama jana ulisoma.

Kodeini, dawa nyingine ya maumivu, usiiguse. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba isitumike kwa walio chini ya miaka 12. Ini la baadhi yao huigeuza mofini upesi mno, pumzi ikafifia.

Baada ya dozi rudi ndani ya saa moja, uandike alama upya. Na maumivu yakizidi siku ya pili badala ya kupungua, tumbo limejaa au joto limepanda, usiombe dawa kali zaidi. Mwite daktari aliyempasua.