Televisheni isomwe mgongoni kwanza

Mwisho wa mwaka ukikaribia, majirani huniomba niwasindikize sokoni kuchagua televisheni: soko la Mzee, au lile la Kenya (komini yetu, si nchi). Tukifika, muuzaji ameshawasha ile kubwa kuliko zote, rangi zinameremeta, na mteja anaanza kuhesabu dola. Mimi huomba igeuzwe. Hapa Lubumbashi kibandiko cha nyuma kinakuambia mengi kuliko kioo.

Anza na volti. Ikiandikwa 100–240V, hiyo itavumilia jioni zetu, saa ambayo kila nyumba imeteleka bukari (ugali wetu) kwenye jiko la umeme na taa imebaki kama mshumaa. Ikiandikwa 220–240V tu, ongeza kwenye bei pesa ya stabilizateri, kile kifaa cha kutuliza volti. Na kama pesa inatosha stabilizateri moja tu, ipe friji. Kompresa ya friji ikilazimishwa kuanza kwa umeme dhaifu huungua, ila kwa sababu friji imekaa jikoni na televisheni imekaa sebuleni mbele ya wageni, watu huilinda televisheni. Heshima ya ajabu hiyo. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikiingia, chomoa vyote. Umeme ukirudi, ngoja dakika kadhaa utulie ndipo uchomeke.

Wala usinunue kwa matumaini kwamba mwakani mambo yatanyooka. Sehemu ya umeme wa Katanga hutoka bwawa la Inga kwa laini ya kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi, iliyoanza kazi mwaka 1982, na tunagawana na migodi. Televisheni yako itazeeka kabla ya foleni hiyo kuisha.

Kwa hiyo tazama wati, kwa maana siku nyingi utaangalia kwa betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ile ya asidi ukiimaliza kupita nusu unaiua mapema, basi hesabu 600. Televisheni ya LED ya inchi 32 hula kati ya wati 30 na 50, dekoda 10 au 15. Ukitoa kinachopotea kwenye inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, unapata saa nane hivi. Ile ya inchi 65 inaweza kupita wati 120, na hapo saa hazifiki hata nne. Ndiyo maana nyumbani kwangu tuna 32, na mgeni anayeona ni ndogo asogeze kiti. Modemu na dekoda nyingi zinatumia volti 12, hazihitaji inveta. Zipitishie tu kidhibiti kidogo cha volti 12, kwani betri inapochajiwa hupanda hadi 14 na zaidi.

Jambo dogo: bidhaa zilizopita Kasumbalesa kutoka Zambia mara nyingi zina plagi ya meno matatu bapa, na soketi zetu ni za matundu ya duara. Usiridhike na adapta ya bei rahisi inayopata moto. Mwite fundi akate, aweke plagi yetu.

Sasa mega, yaani data ya intaneti. Muuzaji atakusifia 4K, ile picha kali kuliko HD. Netflix wenyewe wanasema 4K inaweza kula hadi GB 7 kwa saa, HD hadi GB 3, na kiwango cha chini kabisa hadi GB 0.3. Kwa vifurushi tunavyonunua sisi, 4K ni mapambo. Kibaya zaidi ni kuunganisha televisheni na hotspoti ya simu: yenyewe haijui kwamba hizo ni mega za kununua, inadhani iko kwenye Wi-Fi isiyoisha, basi inavuta picha ya juu kabisa na masasisho juu yake. Ingia kwenye akaunti yako ya Netflix, punguza matumizi ya data kwa kila profaili. Kwenye YouTube chagua 360p, na uzime ule uchezaji wa video moja baada ya nyingine, maana watoto wakilala sebuleni yenyewe hailali. Filamu ndefu mimi napakua kwenye simu usiku.

Kuhusu mpira sibishani na mtu: setilaiti. Haigusi mega, na matangazo ya intaneti huchelewa; Mazembe wakifunga, utasikia Kamalondo nzima inapiga kelele na kwako mpira bado uko katikati ya uwanja. Lipia mwezi wenye mechi unazotaka. Mwezi usio na mechi usilipe. Hakuna atakayekuja kukunyang'anya dekoda.