Kiti cha kulala kwa safari ya saa nne

Dada wa Malindi, pole kwa mgongo wa mama. Umeuliza kama umlipie daraja la biashara Nairobi hadi Johannesburg. Mimi ningetazama aina ya ndege kwanza. Unapokata tiketi, ikiandikwa 788, hiyo ni Boeing 787 Dreamliner, ndege kubwa ya safari ndefu. Ya Kenya Airways ina viti 30 vinavyolala kabisa, mama atajinyoosha. Ikiandikwa E90, ni Embraer 190: kiti kinaegama tu, na pesa hizo mimi singezitoa. Mashirika huzituma ndege kubwa njia fupi zisikae bure kati ya safari ndefu, tena hupakia mizigo mingi. Lakini ndege hubadilishwa ghafla, kwa hivyo angalia tena siku moja kabla. Na hapo uwanja wa ndege wa Malindi, omba kiti cha magurudumu mapema.